Walioiombea Kasino Baraka

Siku Hoteli ya Omotembe ilipofunguliwa, kanisa zima lilipanda kilima kwenda kuiombea. Leo ukiwauliza watu wa pale karibu na Sironga juu ya jambo hilo, watageuka kutazama majani chai kama watu wanaotafuta ng'ombe aliyepotea. Lakini walikwenda. Kwaya ilivaa sare. Akina mama wa Dorkasi, chama cha huduma cha kanisa, walibeba uji wa wimbi. Mzee wa kanisa Obadiah alisimama katikati ya ukumbi mkubwa, kwenye meza zilizovishwa kitambaa cha kijani, akainua mikono na kumwomba Mungu abariki kila mkono utakaowekwa juu ya meza zile.

Hakuna aliyejua meza zile ni za nini. Serikali za kaunti zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza, barabara ya lami ilikuwa bado inanukia, na neno kasino lilikuwa geni katika milima hii. Mwenye hoteli aliitwa Onyiego, kijana wa hukuhuku aliyekaa Marekani hadi nywele zikaanza kumtoka. Aliwaeleza wazee kwamba kasino ni ukumbi wa kuwaburudisha wageni. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, maana mgeni ni baraka. Nyakerario, mke wa Mzee Obadiah, alipapasa kitambaa cha meza akasema kingefaa sana Meza ya Bwana. Gurudumu la namba waliliona pia. Wakadhani ni saa ya Kizungu ambayo fundi hajaitundika ukutani.

Persis Nyangate alikuwa nyuma ya kwaya siku hiyo, ameshika kapu la vikombe. Alikuwa mjane. Mumewe Ombati alikufa kwa homa ya mapafu akamwachia kibanda cha mabati, vishamba viwili vya chai na msichana mmoja, Natasha, aliyekuwa darasa la saba. Kanisani Persis alikuwa shemasi. Kazi yake ilikuwa kutunza mabeseni na taulo za kutawadhana miguu, ibada ile ya kila robo ya mwaka ambapo washiriki huoshana miguu wawiliwawili, wanaume kwao na wanawake kwao, kabla ya kuula mkate na kuinywa divai. Aliipenda kazi hiyo kuliko alivyopenda kuimba. Alijua ni nani ana kidonda kisiginoni, na ni nani huficha miguu kwa sababu ya funza wa zamani, na hakumwambia mtu.

Onyiego alitafuta dobi. Mzee Obadiah mwenyewe ndiye aliyemtaja Persis. "Huyu mama anafua taulo za kanisa," alisema, "nawe utaona mwenyewe." Jambo hili lishikwe vizuri, kwa sababu baadaye lilisahauliwa.

Basi Persis akawa dobi wa Hoteli ya Omotembe. Kabla hajashika hata sabuni alimwambia Onyiego sharti lake.

"Ijumaa jua likielekea kushuka, mimi niko njiani kwenda nyumbani. Jumapili nitakuja alfajiri, nifidie."

"Ijumaa na Jumamosi ndizo siku zetu za wageni wengi, mama."

"Basi watalala kwenye shuka nilizofua Alhamisi."

Onyiego alicheka akakubali. Katika miaka yote aliyofanya kazi pale, hakuna Sabato hata moja iliyomkuta ndani ya lango lile.

Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo. Mashine ya kufulia iliharibika mapema, na fundi wa kuitengeneza alikuwa Nairobi, kwa hiyo Persis alifua kwa mikono. Aliloweka madoa ya divai kwa chumvi na maji baridi, akasugua rangi ya midomo iliyobaki kwenye foronya, akaanika shuka kwenye kamba nyuma ya jiko hadi kilima kikaonekana kimevaa kanzu. Stima ikipotea alipiga pasi ya makaa. Taulo za hoteli zilikuwa nyeupe, nzito, na kila moja ilishonwa pembeni ua jekundu la mtembe, ule mti ulioipa hoteli jina. Wageni walizisifu. Hakuna aliyeuliza zinafuliwa na nani.

Na hoteli ikapanda. Usiku taa zake zilionekana ng'ambo ya bonde. Magari yalitoka Kisii, Kericho, hata Kisumu. Wahudumu walivaa vizibao vyekundu, na wachezesha karata waliletwa kutoka nchi za mbali, wasichana wembamba waliokula ndizi za kupika kwa uma na kisu. Mzee Obadiah alikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa, na maziwa yote yalipanda kilima. Mwenye kuku alipeleka kuku, mwenye mboga za saga alipeleka saga. Makambi ya mwaka ule, ile wiki ya mahubiri ya uwanjani, Onyiego alilipia hema. Mwaka uliofuata alinunua spika. Mchungaji wa wakati huo alimshukuru kutoka mimbarani, na watu wakasema amina.

Kisha ikaja bonasi ya chai.

Kila anayelima chai anaijua. Mwaka mzima mkulima anachuma, anapeleka majani kwenye kituo, anapata kidogokidogo cha kununua chumvi na mafuta. Halafu mwezi wa kumi bonasi inaingia kwa mkupuo, na ndiyo karo, ndiyo mabati, ndiyo mahari. Onyiego alikuwa mtoto wa mchuma chai, alijua siku hiyo kama anavyojua jina lake. Alituma gari vituoni. Soda bure, kuku bure, na kila mwanamume apewe vipande vichache vya plastiki vya kuanzia mchezo. Wakapanda kilima wakiimba. Walishuka wakiwa kimya.

Ndipo kanisa lilipojua saa ile ya Kizungu ni saa ya nini.

Kijana mmoja aitwaye Ogeto, mwimbaji wa besi katika kwaya, alipoteza bonasi ya mama yake na ng'ombe wa mahari katika wiki moja, akakimbilia Nairobi akiacha mke mjamzito. Mama yake alikuja kanisani akalia sakafuni. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hasira ni kama maji ya mvua, haipandi mlima, hutafuta bonde. Nani angemgusa Onyiego, mwenye hema? Nani angemgusa Mzee Obadiah, aliyeombea meza? Kanisa lilitaka lionekane limejisafisha, na kila asubuhi mtu mmoja alipita mbele ya lango la kanisa akiwa amevaa koti la buluu lenye jina la hoteli mgongoni.

Walimwita Persis mbele ya baraza la kanisa.

"Mama Natasha," Mzee Obadiah alisema, "unafanya kazi katika nyumba ya kamari."

"Nafua shuka, mzee. Na wewe unapeleka maziwa."

"Maziwa huishia langoni. Wewe unaingia ndani."

Persis alitazama nyuso za baraza akitafuta mtu wa kucheka. Hakuna aliyecheka. Walimwambia achague; alikuwa na mtoto wa kusomesha na hakuacha kazi. Basi siku ya mkutano wa washiriki akaondolewa ushirika, yeye akiwa nje chini ya paa, anasikiliza viti vikisogezwa. Jina lake likafutwa, mabeseni akakabidhiwa Cynthia, mkaza mwana wa Mzee Obadiah. Hakuhamia kanisa lingine. Aliendelea kuja kila Sabato, akaketi benchi la mwisho karibu na mlango, pamoja na wageni na akina mama wenye watoto wanaolia. Siku za kutawadhana miguu alitoka nje mapema, akaenda nyumbani kupitia mashamba ya chai ili asikutane na mtu.

Miaka ikapita hivyo.

Hoteli nayo ikashuka. Haikuangushwa na maombi, ijapokuwa wapo waliodai hivyo. Iliangushwa na simu. Vijana waligundua kwamba wanaweza kubashiri mpira wakiwa wamelala vitandani mwao, wakapoteza kila kitu bila hata kuvaa viatu, na kilima kikaanza kukosa wageni. Wachezesha karata wakarudi kwao. Kukawa na mvutano wa leseni. Ulipoingia ugonjwa wa korona, lango likafungwa, na Onyiego akapanda ndege kurudi Marekani bila kuwaaga hata walinzi. Persis alikuja Jumapili alfajiri kama kawaida, akakuta mnyororo langoni. Alisimama pale na sabuni yake mkononi hadi jua likatoka. Baadaye madalali walikuja wakauza vitu kwa mnada. Leo ukumbi ule umejaa magunia ya mahindi, na mbuzi hulala penye gurudumu.

Persis alirudi kuchuma chai. Natasha alikuwa amemaliza chuo cha ualimu, kwa zile shuka, akapata kazi shule moja upande wa Nyamache. Mwaka huu akachumbiwa na kijana wa familia ya kanisa kubwa kule Nyanchwa.

Mwezi wa Agosti, wiki moja kabla ya makambi, Mzee Obadiah alimtembelea Persis nyumbani. Alikuwa amezeeka, anatembea na mkongojo. Persis alimpa kiti na chai.

"Bwakire, Mama Natasha."

"Bwakire, mzee. Hujambo na safari?"

"Sijambo. Mama, tumekuwazia. Mambo ya zamani yameisha, hata nyumba yenyewe imekufa. Tunataka urudi. Siku ya Sabato ya makambi usimame tu mbele, useme: nilitumikia nyumba ya kamari kwa tamaa ya mshahara, nimetubu. Kisha unaingia mtoni na wengine, unabatizwa upya. Jina lako linarudi. Hata kazi ya mabeseni unaweza kurudishiwa. Cynthia ana mimba, hawezi kuinama."

Persis alishika kikombe chake kwa mikono miwili. Aliyatamani mabeseni yale. Angesema uongo kama angesema hayatamani.

"Nitafikiri, mzee."

"Ufikiri nini? Ni maneno kidogo."

Natasha aliposikia, alifurahi hadi akamkumbatia mama yake.

"Mama, sema tu. Wakwe zangu wameniuliza mara mbili kwa nini unaketi mlangoni. Niwajibu nini?"

"Wajibu kwamba mama yako alikuwa dobi."

"Wataniuliza, basi alikosa nini?"

"Hilo ndilo nami nauliza."

"Mama, huu si wakati wa kushindana. Wewe mwenyewe hulala ukiwaza Meza ya Bwana. Nakusikia."

Lilikuwa kweli. Aliyakariri maneno akichuma chai. Nilitumikia nyumba ya kamari kwa tamaa ya mshahara. Kila alipoyasema, kidole chake kilichuma jani gumu badala ya jani changa. Lakini aliamua kuyasema. Alikuwa amechoka na ule mlango.

Siku ya Jumatano Cynthia alikuja na gunia kichwani, akalitua kwa taabu.

"Mama Natasha, wazee wamesema utusaidie. Ni taulo za kutawadhana miguu. Zimekaa stoo zimepiga ukungu, na mkono wako sote tunaujua."

"Mimi si mshiriki, Cynthia. Mikono yangu inaruhusiwa?"

Cynthia alicheka kwa haya. "Aa mama, kufua si kitu."

"Kufua si kitu," Persis alirudia.

Alipobaki peke yake alifungua gunia, akavuta taulo ya juu. Ilikuwa nyeupe, nzito. Akaikunjua. Pembeni palikuwa na ua jekundu la mtembe. Akavuta ya pili, ya tatu, akamwaga gunia lote juu ya majani. Maua mekundu yakamkodolea macho kutoka kila upande.

Alimkimbilia Cynthia njiani, akamkuta bado hajafika barabarani.

"Hizi taulo mlitoa wapi?"

"Baba mkwe alizinunua mnadani, pamoja na viti. Hukujua? Hata viti vya wazee pale mbele ni vya hoteli. Tulivibadilisha kitambaa tu."

Persis alirudi polepole. Aliketi kando ya lile rundo, na kwa mara ya kwanza tangu walipomfuta hasira ikamjia nzima, haina mahali pa kuishia. Miaka yote ile alikuwa amejiuliza kama labda kweli lipo kosa asiloliona. Alikuwa ameomba aonyeshwe. Kumbe waliomfukuza kwa kuzigusa taulo hizi wamezinunua, wamezipeleka patakatifu, wanafutia miguu yao, na zikishika uchafu wanamletea mfukuzwa azifue. Ng'ombe wao walinywesha kasino maziwa, kwaya yao iliiimbia, hema lake liliwafunika jua. Dhambi yote ikatafuta mgongo mmoja wa kubebwa nao, ikaukuta mgongo wa mjane.

Alizifua. Hakujua kufua vibaya. Alizianika, akazikunja, akazirudisha mwenyewe Ijumaa mchana.

Sabato ya makambi watu walijaa uwanjani hadi kwenye ua wa michongoma. Mchungaji mpya, Anyona, alikuwa kijana mgeni eneo hili. Hakuijua habari hii zaidi ya alivyoambiwa na Mzee Obadiah asubuhi ile. Wanaotaka kubatizwa walipangwa mbele. Persis akaitwa wa mwisho. Natasha aliketi safu ya tatu pamoja na mama mkwe wake mtarajiwa, aliyekuja makusudi.

"Sabato njema," Persis alisema.

"Sabato njema," uwanja ukajibu.

"Nimepewa maneno ya kusema. Nimeyakariri wiki nzima. Yamekataa kutoka."

Mzee Obadiah aliinama mbele. "Sema pole pole, mama. Usiogope."

"Siogopi, mzee. Nimekasirika." Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa dobi. Nilifua shuka, nikazianika, nikazipiga pasi. Kama ipo amri inayokataza kufua, mchungaji anisomee, nitaingia mtoni sasa hivi na nguo hizi."

Mchungaji alimgeukia Obadiah. "Mzee, huyu dada alicheza kamari?"

"Hakucheza."

"Alifanya kazi Sabato?"

"Hatukumshika."

"Sikuuliza kama mlimshika."

Kicheko kidogo kilitoka upande wa akina mama, kikajificha. Obadiah alipangusa uso.

"Leo mchana mtatawadhana miguu," Persis aliendelea, sasa anawatazama washiriki wenyewe. "Taulo mtakazofutia ni za hoteli. Nimezifua tena juzi, mliniletea. Kama mimi nilichafuka kwa kuzishika kule kilimani, zenyewe zilitakata lini? Zilibatizwa mto gani?"

"Mama Natasha, hatukukuita hapa kuhubiri," Obadiah alisema kwa ukali.

"Hamkuniita kuhubiri. Mliniita kudanganya. Mnataka niseme nilitumikia kamari ili ionekane kuna mmoja tu aliyeitumikia. Ni nani aliyeombea zile meza? Nilikuwepo, nimeshika vikombe."

Mchungaji Anyona alitazama wazee waliokuwa nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa na jambo la kurekebisha kwenye tai yake.

"Meza zipi?" aliuliza.

Aliyejibu ni Nyakerario, mke wa Obadiah, kutoka pale alipoketi. Hakusimama.

"Za kasino, mchungaji. Tuliimba. Mimi nilikisifu kitambaa."

Obadiah alianzisha wimbo. Alianza juu mno, watu wakashindwa kumfuata, na mchungaji akainua mkono kuwanyamazisha. Alisema jambo la dada Persis halitaamuliwa uwanjani, litarudi barazani, na yeye mwenyewe ataketi humo. Hakusema ni lini. Waliobaki kubatizwa wakaenda mtoni.

Wakati wa chakula Persis alikaa peke yake kwenye nyasi. Watu walipita mbali naye, sahani mikononi, kama anayeugua ndui. Natasha alikuja mwishowe, macho yamemwiva.

"Mama mkwe amesema nini?" Persis aliuliza.

"Amesema hajaona mwanamke mkaidi kama wewe." Natasha aliketi. "Kisha akauliza kama ni kweli shule yangu ililipwa na zile shuka. Nikasema ndiyo. Akanyamaza. Sijui kimya chake ni cha namna gani."

"Nimekuharibia?"

"Sijui, mama. Nimekasirika na wewe. Kula."

Wakala.

Mzee Obadiah aliwajia, mkongojo ukitoboa udongo laini. "Umeniaibisha mbele ya mchungaji mgeni," alisema. "Mimi niliyekutafutia kazi ile."

Persis aliweka sahani chini. "Mzee, umekumbuka. Basi siku baraza likikutana uwaambie hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo. Mimi sihitaji zaidi."

Mzee aliung'oa mkongojo udongoni, akaondoka.

Baraza halikukutana wiki ile. Sabato iliyofuata Persis aliwahi kanisani kabla ya kengele. Alilipita benchi la mlangoni, akapita safu za vijana, akaenda kuketi benchi la pili upande wa wanawake, pale alipokuwa akiketi zamani. Akaweka Biblia yake mapajani. Watu walipoanza kuingia walimwona, wakapunguza mwendo, wengine wakajifanya wanatafuta nyimbo.

Cynthia alitumwa. Alikuja ameshika tumbo lake, akainama kwa shida.

"Mama Natasha, samahani. Wazee wanasema baraza halijakutana bado, urudi kwanza kule nyuma."

"Nani anasema? Aje mwenyewe."

Cynthia alitazama mbele, kwenye viti vya wazee. Mzee Obadiah alikuwa ameshusha macho kwenye kitabu cha nyimbo. Hakuna aliyeinuka.

"Usiendelee kuinama hivyo, mwanangu, utaumia," Persis alisema. "Waambie nimekataa."

Cynthia akaenda kuwaambia.